Kibugu Nzima Yataka Kusomea Mawingu

Alhamisi, 10 Aprili

Ukungu mzito asubuhi. Mlima haukuonekana, hata mpaka wa shamba langu na la jirani yangu Mbaka haukuonekana. Nilisimama katikati ya chai na kikapu mgongoni, nikasahau kuchuna. Kichwani nilikuwa nikimwona binti yangu Wambura kwenye televisheni. Amevaa suti ya buluu. Nyuma yake ramani ya Kenya nzima. Anapitisha mkono juu ya Embu na kusema mvua itanyesha alasiri. Na inanyesha! Nchi nzima inakimbia kuanua nguo.

Yote yametokana na ugunduzi wa jana. Niandike polepole, maana ni mkubwa. Mtandao wa kuchagua kozi za vyuo umefunguliwa. Wambura alipata C+ kwenye mtihani wa kidato cha nne. Anataka diploma ya uuguzi. Diploma! Mtoto mwenye gredi ya kuingia chuo kikuu! Tangu amuuguze cucu yake, yaani mama yangu, miezi saba hadi akatuacha, hataki kusikia jambo lingine. Basi jana nilikwenda saiba, duka la kompyuta la Angeline, nikapitia orodha ya pointi za mwaka jana, ukurasa baada ya ukurasa, hadi macho yakatoa maji. Nikaiona. Digrii ya Sayansi ya Hali ya Hewa, katika chuo kimoja cha mbali ambacho sitakitaja hata hapa, kwa sababu shajara husomwa na wake. Pointi za kuingilia ni ndogo ajabu. Wambura anazo na zinabaki. Nafasi ni thelathini, na mwaka jana hata hazikujaa.

Hakuna anayejua. Ni mimi tu na hayo mawingu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimezungumza na Wambura. Ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita Mama, na kumlazimisha mtu unayemwita Mama si kazi rahisi. Nilienda kwa upole. Nikamwambia muuguzi hushinda amesimama, akibeba mabeseni ya wagonjwa. Mtabiri wa hewa hukaa ghorofani akitazama nje. Akasema yeye mawingu hayajui. Nikamjibu kwamba hakuna anayeyajua, ndiyo maana pointi ziko chini! Akaendelea kukata sukuma wiki. Baadaye akasema, "Sawa, Baba. Kama umeona ni vizuri."

Ushindi! Sikutarajia angekubali haraka hivyo. Ila alikata sukuma ya kutosha nyumba tatu, na alikuwa hatazami kisu.

Cicily, mke wangu, mwanamke mwema asiyeota ndoto, aliuliza kama haya ndiyo yale ya kware tena. Nilitoka nje. Watu hawasahau! Mwaka ule kila boma kuanzia hapa hadi Karurumo lilifuga kware, kwa kuwa jamaa mmoja alikuwa ameuza mayai kwa bei ya kushangaza. Nani angejua kwamba sote tungekuwa na mayai siku moja? Ilikuwa bahati mbaya tu. Vizimba bado viko nyuma ya jiko, naweka kuni.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Ibada nzuri, lakini baadaye niliharibiwa siku na Mwalimu Riungu. Huyu ni Mmeru aliyeoa hapa kwetu, anafundisha jiografia, na anajiona. Kila Jumapili baada ya kanisa hukaa kwenye benchi la nje na daftari, anawashauri watoto kuhusu vyuo. Bure! Nilipita karibu nikijifanya natafuta mwavuli. Alikuwa akiwaambia wajipime bila kujidanganya. Watazame pointi za miaka mitatu, si za mwaka mmoja. Juu waweke wanachokipenda, katikati wanachoweza kufikia, na chini kabisa kitu ambacho hakiwezi kuwaponyoka. Eti na wasichague kozi ambayo hawawezi kumweleza bibi yao ni ya kazi gani.

Ushauri wa kawaida kabisa. Hata mtu asiyejua kitu angeutoa. Lakini watoto walikuwa wamemzunguka na matawi mikononi, ungedhani ndiye anaingia Yerusalemu.

Sababu ya uchungu wangu niiseme. Katika kanisa letu, mtoto akipata chuo huitwa mbele pamoja na mzazi wake. Kasisi anawawekea mikono, kwaya inaimba, picha inapigwa. Mwaka jana Riungu aliitwa na kijana wake, akasimama pale mbele muda mrefu kuliko mahubiri. Mimi sijawahi kuitwa mbele kwa jambo lolote jema. Nimekwisha chagua koti nitakalovaa.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya kupeleka majani. Mvua imeharibu barabara, lori la kiwandani halikuja hadi jioni. Tulikaa kituo cha chai juu ya magunia yetu tukitazama matope. Watu wakikaa bila kazi huzungumza, na mimi ni mtu.

Nilimwambia Veronicah peke yake. Ni mjane, kijana wake ana B-, na alikuwa akilia kwamba hajui amweke wapi. Jiwe lingenyamaza? Nikamnong'oneza. Nikamwapisha. Akasema mimi ni malaika, na ataniletea jogoo.

Kisha Muchangi, karani wa mizani, akaniuliza Veronicah anachekea nini. Muchangi ndiye hukagua majani yangu pale mezani na huweza kuyarudisha nyumbani akisema yamekomaa. Kwa hiyo huyo si kumwambia, ni kujenga uhusiano. Halafu akaja dada yake. Halafu mzee mmoja wa Kanja ambaye sikumfahamu, lakini alikuwa na uso wa kutunza siri.

Wanne tu. Kila mmoja nimemwambia kwamba anajua yeye peke yake, ili asijisikie vibaya. Walipoondoka walinipa mkono kwa mikono yao miwili. Mmoja aliniita Mshauri. Nilirudi nyumbani nikikanyaga madimbwi bila kuyaona.

Alhamisi, 17 Aprili

Saiba. Kumejaa. Nilikaa kwenye kompyuta mwenyewe, Wambura akasimama nyuma yangu. Nafasi ya kwanza, Hali ya Hewa. Kwa hizo nyingine nikaweka kozi zenye majina makubwa, zote ambazo mtandao ulikubali kupokea, ili wanaopanga waone kwamba huyu ni mtoto wa familia yenye hamu.

Angeline akaniambia, "Mzee, weka basi hata moja ya uhakika hapo chini. Mtoto asikose zote." Nilimwambia kwamba kuweka diploma ni kumwonyesha Mungu huna imani.

Wambura akanyoosha kidole kwenye skrini. Akauliza kama ile ya mwisho kabisa, ya chini, inaweza kuwa uuguzi. Moja tu. Nikamweleza kwamba hata ya mwisho husomwa, na itaonekana hatukuwa na uhakika na mawingu. Akaondoa kidole. Kilikuwa kimeacha alama kwenye kioo, nikaipangusa kwa mkono wa sweta.

Nje jua lilikuwa limetoka. Wingu moja jeupe lilikaa juu ya msitu kwa muda mrefu bila kwenda popote. Nikalionyesha Wambura, nikamwambia lile ni kazi yake. Akalitazama kwa adabu.

Jumatano, 23 Aprili

Sijawahi kuwa na wiki kama hii! Nimepata jogoo wawili, mkungu wa ndizi na mtungi wa uji. Watu wananisimamisha barabarani. Siwaambii, wanajua tayari! Angeline anasema ameweka watoto thelathini na mmoja kwenye Hali ya Hewa, na wengine wametoka Kanja na Karurumo kwa miguu yao. Alisema, "Kwani huko mawinguni kuna nini, mzee? Hiyo namba ya kozi nimeishika kwa kichwa, sitazami tena."

Thelathini na mmoja! Riungu hajawahi kufikisha hata kumi.

Na huyo Riungu alinikuta kwa daraja, akashuka kwenye baiskeli. Aliongea kwa upole, jambo linaloniudhi zaidi. Akasema zile pointi hakuna mtu anayezipanga akiwa ofisini. Hutokana na wale walioomba. Wakiomba wengi wenye gredi za juu, zinapanda, na wa chini wanaachwa nje. Akasema bado kuna siku chache za kubadilisha, na kwamba amesikia Wambura anapenda uuguzi. Nikamjibu kwamba wivu ni ugonjwa, atafute dawa.

Mchana nililala kidogo katikati ya chai, kwenye ile nyasi kavu. Mawingu yalipita moja moja. Nikaanza kuyapa majina ya watoto wa hapa. Lile refu, kijana wa Veronicah. Lile la duara, mpwa wa Muchangi. Nikapiga hesabu. Nafasi thelathini, watoto thelathini na mmoja. Kumbe ni mmoja tu atakayekosa. Nilimhurumia sana huyo mtoto, kisha usingizi ukanichukua.

Jumanne, 1 Julai

Baridi. Julai yetu, ukungu unaingia hadi ndani ya nyumba. Majibu yametoka.

Wambura alisoma ujumbe kwenye simu mara mbili. Akaiweka mezani, kioo kikitazama chini, akaenda kukamua ng'ombe. Nikaigeuza. Hakupata. Hali ya Hewa, hapana. Majina makubwa, hapana, yote. Pointi za Hali ya Hewa zimepanda kama moshi. Kijana wa Veronicah ameingia, na wengine wawili watatu wenye B. Zile nafasi nyingine zimekwenda kwa watoto wa huko kwingine nchini. Hawa walijuaje? Kuna mtu alitoboa siri!

Nilimfuata zizini. Nikamwambia tumehujumiwa. Nikamwambia mengi. Hakugeuka. Alipomaliza kukamua akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mimi nilikuamini, Baba."

Nimeumia. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna anayenitazama. Ningetukanwa ningejua la kufanya. Nilibeba ndoo ya maziwa mpaka jikoni, na Cicily akanipokea bila kutaja kware. Hilo nalo likaniumiza.

Jumatano, 2 Julai

Kituo cha chai. Nilifika mapema ili nisikutane na watu. Walikuwa wamefika mapema zaidi ili wakutane na mimi.

Hakuna aliyenisalimu. Nilimwaga majani mezani, Muchangi akayapekua jani kwa jani, akatenga nusu kwamba yamekomaa. Hayakuwa yamekomaa! Yule mzee wa Kanja alitangaza kwamba uso wangu ameuandika kichwani. Dada yake Muchangi alitaka jogoo wake. Nikamweleza kwa heshima kwamba jogoo yule hayuko tena katika hali ya kurudishwa.

Veronicah pekee ndiye aliyenikumbatia, akaniombea kwa sauti kubwa mbele ya wote, akimshukuru Mungu kwa ushauri wangu. Wakati mwingine mtu anaweza kusaidiwa hadi akaangamia. Nilirudi na nusu gunia kichwani, nikapitia njia ya msituni. Huko kulikuwa kuzuri. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye matawi ya miti, polepole, na kwa muda nikasahau kwamba ninachukiwa.

Ijumaa, 4 Julai

Waliokosa wamefunguliwa nafasi ya pili. Na mimi sikulala bure jana. Digrii ya Sayansi ya Nyuki! Mwaka jana ilichukua karibu kila aliyeomba. Tangu asubuhi nilikuwa nikimwona Wambura amevaa nguo nyeupe ya kufunika uso, nyuki wote wanamtii, Wazungu wanakuja Kibugu kuuliza anafanyaje.

Tulitembea hadi saiba katika manyunyu. Foleni ndefu. Nyuma yetu kulikuwa na baba mmoja mwenye kijana aliyekosa, alikuwa na huzuni hata kofia yake ilikuwa na huzuni. Ningemwacha hivyo? Nilitoka naye kando, chini ya mabati ya duka la mbolea, nikamweleza mambo ya nyuki. Maelezo yalichukua muda kwa sababu alikuwa na maswali mazuri. Niliporudi ndani Wambura alikuwa anakunja karatasi. Alikuwa amemaliza.

Aliniambia njiani. Diploma ya uuguzi, chuo kimoja upande wa Meru. Hakunificha. Akasema alitazama pointi, akatazama za miaka iliyopita, anazo. Akasema akitazama mawingu haoni kitu, lakini alipokuwa akimgeuza cucu kitandani alijua mkono uende wapi. Sikujua hilo. Nilikuwa mlangoni kila siku, nikiuliza kama mgonjwa amekula, na sikujua.

Tulipita mashamba mawili. Akauliza kama nimekasirika. Nikaona kwamba mwavuli wote ameuweka upande wangu, bega lake limelowa. Nikamwambia hapana, Mama, sijakasirika. Ilikuwa karibu kweli.

Jumapili, 3 Agosti

Amepata!

Tumeitwa mbele. Koti lilinibana kidogo kwapani lakini picha haionyeshi. Kasisi aliuliza nani alimwongoza mtoto huyu. Nikatazama sakafu. Wambura akashika kipaza sauti akasema baba yake alimtembeza kwenye mvua hadi saiba, na akamwacha achague. Watu wakapiga makofi. Riungu naye alipiga, na alipiga kwa moyo, nilimwona. Nilitaka kusimama pale hadi jioni. Kasisi alinishika kiwiko mara mbili.

Baadaye Wambura aliniambia polepole kwamba hakudanganya. Nilimwacha achague kweli, ila sikuwa najua.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempeleka chuo. Cicily alibaki na ng'ombe, wakaagana jikoni, walikaa huko ndani muda mrefu. Mimi nilitayarisha maneno yangu kwa wiki mbili. Nilitaka kumwambia kwamba mama yangu angefurahi. Nilitaka kumwambia kwamba nilikosea kuhusu kile kidole kwenye skrini. Niliyarudia njia nzima kimoyomoyo, nikaona yamekaa sawa, nikaamua nitayasema langoni.

Chuo kizuri. Nyasi zimekatwa, miti imepangwa mstari, wasichana wanapita na sare zilizopigwa pasi. Kimya fulani kitamu kama cha kanisani kabla ibada haijaanza. Foleni ya wazazi ilifika nje ya lango. Wambura alikuwa na sanduku, ndoo na godoro lililofungwa kamba.

Mbele yetu alikuwa mwanamume wa Timau, mtu mpole, ana binti mdogo atakayefanya mtihani mwaka huu. Hajui ampeleke wapi! Nilimwambia asubiri Wambura asonge kidogo na foleni, nimweleze jambo. Nikamweleza. Digrii zimekwisha, kila mtu anazikimbilia. Siri ni hapa hapa, uuguzi, chuo hiki. Pointi za mwaka huu zilikuwa za kufikika, binti yangu ni shahidi. Nikamwapisha. Akamwita ndugu yake aliyekuwa kwenye foleni, na ndugu yake akaja na mama mmoja wa Chuka. Ikabidi nianze upya ili wote waelewe. Waliandika kwenye viganja. Mmoja alikuwa na daftari. Mama wa Chuka alisema hajawahi kuelezwa mambo ya vyuo namna hii, na mimi nikaona kama jua limetoka, ingawa lilikuwa limetoka tangu asubuhi.

Nilipogeuka, godoro halikuwepo. Sanduku halikuwepo.

Askari wa langoni aliniambia binti alikuwa ameitwa jina. Eti binti alisimama pale kwenye mlango wa kijani akaita Baba. Akaita tena. Akapunga mkono, akangoja kidogo, akapunga mara ya pili. Halafu walimwita ndani. Nikauliza kama naweza kuingia dakika moja tu. Akasema wazazi mwisho ni hapa, mzee, hizo ndizo sheria, na akanipa kiti.

Nilikaa. Nikautazama mlango. Maneno yote yalikuwa yamekaa sawa mdomoni na hapakuwa na mtu wa kuyapokea. Yule wa Timau akaja akasimama kando yangu, akangoja kwa heshima hadi nikapangusa uso, kisha akauliza kama anaweza kumwambia na shemeji yake.

Nikamwambia amwambie, lakini huyo tu. Darasa hapa huchukua watoto hamsini, na sisi tunaojua bado hatujafika ishirini.